Kanisa na Mkimbizi
(Hotuba iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Tarehe 28 Aprili 1994 daraja la Rusumo, liunganishalo Rwanda na wilaya ya Ngara, lilifurika watu. Katika muda wa saa 24 hivi, takriban watu 250,000 walivuka Kagera wakiwa na mikeka vichwani na watoto migongoni. Siku zilezile mto ulikuwa ukichukua maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Mahali palipoitwa Benaco, kwa jina la kampuni iliyojenga barabara, paligeuka kuwa mji wa maturubai.

Kanisa la Kilutheri halikukutana na mkimbizi kwa mara ya kwanza pale. Shirikisho la Kilutheri Duniani lilipoundwa mjini Lund, Sweden, mwaka 1947, ilikadiriwa kwamba Mlutheri mmoja katika kila sita alikuwa amekimbia au kufukuzwa kwao. Mwaka 1964 Shirikisho hilo, Serikali na Umoja wa Mataifa walikubaliana kuanzisha huduma ijulikanayo magharibi mwa nchi kwa herufi zake, TCRS. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipokelewa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, wakapewa ardhi, wakalima.

Hata hivyo unga na turubai huweza kuletwa na yeyote mwenye lori. Usharika una kipawa kingine, nacho ni kuketi na mtu. Mungu aliyaweka mambo vizuri upande huo wa nchi: Kihangaza cha Ngara na Kiha cha Kasulu ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, na Wakongomani wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, wengi wao hujua Kiswahili. Mama wa Kiha aweza kumpa pole mfiwa wa Kirundi pasipo mkalimani. Pole ya namna hiyo haipimwi kwa kilo.

Na tumaini je? Hapa watumishi wengi hukosea, tena kwa moyo mwema. Mkimbizi huulizia safari ya Marekani au Kanada, naye mtumishi humwambia, “Mwakani utakuwa umekwenda.” Uamuzi huo uko mikononi mwa serikali za mbali, na wanaochaguliwa ni wachache. Mchungaji anayetoa ahadi hiyo anatoa kisicho chake, na mwaka ukipita bila safari, hata Injili yake hutiliwa shaka. Afadhali asikilize jina la kijiji kilichoachwa, la mto, la marehemu ambaye hakuzikwa.

Kuna jambo zito zaidi. Miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo waliouawa ndugu zao, na walikuwamo pia wauaji. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Murambi, alikuwapo Benaco. Ilipojaribiwa kumwondoa mwezi Juni 1994, umati ulizuka na ghasia, na watoa misaada wakakimbia. Miaka 17 baadaye mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Rufaa ya 2012 ilimpa kifungo cha miaka 40. Basi mhudumu aliyeingia hemani hakujua anamshika mkono nani. Alipaswa kuhudumia wote, lakini hakupaswa kunyamazia damu. Rehema isiyotaka kusikia ukweli humwonea mjane wa aliyeuawa.

Wenyeji nao wasisahauliwe. Misitu ya Ngara ilikatwa kwa kuni, mashamba yakaibiwa, na manung’uniko yao hayakuwa ya watu wasio na upendo.

Desemba 1996 Wanyarwanda walitakiwa kurudi kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi waliogopa, wakaelekea mashariki, wakarudishwa na askari hadi darajani walikoingilia. Warundi wa 1972 walipata njia nyingine: zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia, na mwaka 2014 vyeti vilianza kutolewa. Baadhi yao walikuwa wamevuka mpaka wakiwa watoto wa kubebwa. Walipokea vyeti hivyo wakiwa na wajukuu.