Askari 20 na Maili 1,900 za Baiskeli



Baiskeli ni chombo kilichozoewa mno, hata watu hawakitazami tena. Kijana wa Burundi hushuka nacho milimani hadi Bujumbura amefungasha mikungu ya ndizi, na mchuuzi wa Uganda hukisukuma alfajiri kwenda sokoni, wala hapana asimamaye kando ya njia kustaajabu. Lakini palikuwa na zamani ambapo chombo hiki kilikuwa kigeni, na wakubwa wa majeshi wakibishana kama chaweza kumfaa askari vitani, au ni mchezo tu wa vijana wa mjini. Ubishi huo ndio uliowatoa askari weusi 20 katika kambi ya Fort Missoula, jimbo la Montana, huko Marekani, asubuhi ya tarehe 14 Juni 1897, wakashika njia ya St. Louis, mji ulio mbali nao kwa maili 1,900.

Askari hao walikuwa wa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu. Katika jeshi la Marekani la siku zile watu weusi waliwekwa katika vikosi vyao peke yao, na maafisa wao walikuwa wazungu. Aliyewaongoza ni Luteni James Moss, kijana wa Louisiana aliyehitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho katika darasa lake. Na wa mwisho katika darasa aghalabu hupelekwa mahali ambapo wenziwe hawataki kwenda. Yeye alipenda baiskeli. Hoja yake ilikuwa nyepesi: baiskeli haili majani, hainywi maji, haina kishindo cha kumwamsha adui, wala haifi kwa kiu. Mwaka 1896 Jemadari Nelson Miles alimpa ruhusa, akachagua watu wanane, akaenda nao mpaka Yellowstone na kurudi. Safari hiyo ilimtia hamu ya kubwa zaidi.

Kwa safari ya 1897 kiwanda cha Spalding kilitoa baiskeli zilizotengenezwa makusudi, zenye rimu za chuma. Kila baiskeli ilipokwisha kupakiwa ilikuwa na uzito wa ratili 59: blanketi na nusu ya hema vimefungwa mbele kwenye usukani, na chakula na vyombo ndani ya mkoba uliotiwa katikati ya fremu. Juu ya hayo kila askari alichukua bunduki yake na risasi 50. Vyakula vingine vilikwisha tangulizwa na kuwekwa katika vituo njiani, na baina ya kituo na kituo mwendo wa maili 100 hivi. Pamoja na askari walikuwako Luteni Moss, daktari mmoja jina lake Kennedy, na mwandishi wa gazeti la Missoula, kijana wa miaka 19, Edward Boos. Jumla yao watu 23.

Mvua haikuwangoja wafike mbali. Udongo wa Montana ukilowa hugeuka kuwa kitu kama gundi. Huganda katika tairi, ukajaa baina ya gurudumu na fremu, mpaka gurudumu likakataa kuzunguka kabisa. Hapo mpandaji hana hila ila kushuka, kukwangua matope kwa kijiti au kwa kisu, kusukuma hatua chache, na kukwangua tena. Na akichoka kukwangua, huibeba baiskeli begani. Na ratili 59 begani, miguu ikizama topeni, si mzigo mdogo. Kila aliyepata kusukuma baiskeli yenye gunia katika barabara ya udongo wakati wa masika anaijua kazi hiyo bila ya kuelezwa.

Walipopanda mgongo wa Milima ya Rocky, mahali maji yanapogawanyika, mengine yakaenda bahari ya magharibi na mengine mashariki, mvua iligeuka theluji, na mwezi ulikuwa Juni. Nguo zilikuwa zimelowa, mablanketi yamelowa, na vidole vimekufa ganzi juu ya breki.

Njia zilipokuwa hazipitiki, walikimbilia reli. Msikilizaji asidhani kwamba reli ilikuwa raha. Ilikuwapo changarawe na mataruma, na baiskeli ilirukaruka juu ya kila taruma, maili baada ya maili, hata mifupa ya mpandaji ikawa kama imepondwa. Lakini taruma halizami, na hiyo ndiyo ilikuwa fadhila yake pekee. Baiskeli zenyewe zilivunjika mara nyingi, na kila jioni, wenzao walipokwisha jilaza, palikuwa na kazi ya kufunga, kukaza na kuziba pancha. Kazi hii ilimwangukia zaidi askari mmoja, John Findley, aliyekuwa na ujuzi wa ufundi wa baiskeli.

Mwishoni mwa Juni walipita Little Bighorn, uwanja ambapo mwaka 1876 Wahindi Wekundu wa makabila ya Lakota na Cheyenne walilishinda jeshi la Custer. Kutoka hapo wakapita Wyoming na pembe ya South Dakota, wakaingia Nebraska.

Nebraska ilikuwa mtihani wa namna nyingine. Baridi ilikwisha, likaja jua, na joto likafika digrii 110 za Farenhaiti. Upande wa magharibi wa jimbo hilo kuna vilima vya mchanga visivyo na mti wa kuegemea, na gurudumu humo huzama kama lilivyozama matopeni. Tofauti ni kwamba tope hulowesha na mchanga hukausha. Wakarudi tena katika mataruma. Ubaya mkubwa kuliko joto ulikuwa maji. Maji ya nchi ile yana magadi, na mwenye kiu akiyanywa huumwa na tumbo na kuzidi kuishiwa nguvu. Watu wakaugua mmoja baada ya mmoja. Luteni mwenyewe aliugua hata ikabidi abaki nyuma kwa siku kadhaa, daktari akashika uongozi.

Hapa ndipo panapoonekana thamani ya Sajini Mingo Sanders. Alikuwa mkubwa wao kwa umri, mwenye miaka 39, na jicho lake moja halikuwa zima. Kiongozi anapolala mgonjwa, na daktari ana wagonjwa wake, yupo mtu anayehesabu wenzake asubuhi, akahakikisha kila mmoja amekula na amefunga mzigo wake. Mtu huyo katika kikosi ni sajini.

Huko Missouri njia ilikuwa nafuu, lakini nyuso hazikuwa nafuu. Jimbo hilo lilikuwa na utumwa mpaka miaka 32 tu kabla ya hapo, na baadhi ya wenye mashamba hawakupenda kuwaona askari weusi wakipiga kambi katika ardhi yao. Mjini St. Louis ilikuwa kinyume. Tarehe 24 Julai waendesha baiskeli kwa mamia walitoka kuwalaki, na maelfu ya watu wakaja kuwatazama kambini mwao katika Forest Park. Safari ilikuwa imechukua siku 41, na katika hizo siku 34 ndizo za mwendo, kiasi cha maili 56 kila siku.

Moss aliomba ruhusa ya safari nyingine, mpaka San Francisco. Jeshi halikukubali. Askari walirudishwa Montana kwa treni, na mwaka uliofuata vita na Uhispania vikaanza, Kikosi cha 25 kikapelekwa Kuba, na habari ya baiskeli ikazikwa. Habari hii aghalabu husimuliwa kama habari ya Moss, na ni haki atajwe, maana naye alikanyaga kama wao. Lakini yeye aliendelea kupanda vyeo na kuandika vitabu vya kijeshi, na sajini wake yaliyompata ni mengine.

Mwezi wa Agosti 1906 risasi zilipigwa usiku katika mji wa Brownsville, Texas, karibu na kambi ya Kikosi cha 25, na mtu mmoja akauawa. Wenyeji wakawasingizia askari weusi. Askari wakakana, na hapana hata mmoja aliyepatikana kumshuhudia mwenziwe kwa ubaya. Rais Theodore Roosevelt akaufanya unyamavu huo kuwa hatia, akawafukuza jeshini watu 167 bila ya kufikishwa mbele ya mahakama yo yote. Mmoja wao alikuwa Mingo Sanders, mwenye utumishi wa miaka 25 hivi, karibu na kustaafu. Alinyimwa pensheni yake. Aliomba arudishwe, hakurudishwa.

Mwaka 1972 jeshi la Marekani lilitangua hukumu ile na kuwaandika watu wale kuwa waliondoka jeshini kwa heshima. Sanders alikuwa amekwisha fariki tangu 1929.