Kukagua Malezi ya Askari Wazee



Askari wetu wa Burma, wa mwaka 1944, wamebaki wachache mno. Wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, sasa ndio wazee. Hapa Garsen wengi hulelewa nyumbani, na binti au mkaza mwana. Tutajuaje kama malezi ni mema? Sisi wa reli hatukagui behewa kwa rangi, twagonga gurudumu kwa nyundo. Mgeuze mzee, tazama mgongo na visigino: kidonda cha kulalia hakifichiki. Je, maji yako karibu na mkono wake? Muulize mwenyewe, mlezi akiwa nje. Kisha muulize mlezi: mto ukifurika kama mwaka 2024, nani atambeba? Na wewe nani hukupokea zamu? Shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi haziajiri mtu. Naomba tawi litoe watu wawili kila Jumapili.