Mtazame Kwanza Mtoto Anayejenga

Maneno yaliyotolewa mbele ya walimu wa madarasa ya awali na wazazi katika mkutano wa kata



Wapo wazazi wanaofika shuleni wakawakuta watoto wameketi chini wakipanga vipande vya mbao, nao huuliza: watasoma lini? Swali hilo ni halali. Lakini mwalimu asiyeona kinachotendeka pale sakafuni hana la kumjibu mzazi.

Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, aliwapa watoto kisanduku chenye vipande vinane vya mbao. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1933, mwalimu Harriet Johnson wa New York alichapisha kitabu kuhusu watoto wanaojenga. Alikuwa amewatazama na kuandika. Aliona kwamba mtoto huanza kwa kubeba vipande huku na huku. Kisha huvilaza safu au kuvipandanisha. Baadaye huweka kimoja juu ya viwili vilivyoachana, likawa daraja. Halafu huzungusha boma. Kulipa jengo jina huja baada ya hayo.

Ndiyo maana swali letu la “Umejenga nini?” mara nyingi huwahi mno. Mtoto aliyeshughulika na daraja atajibu “nyumba” ili mwalimu aondoke.

Chukueni mfano wa mtoto ambaye daraja lake limeanguka mara mbili. Mwalimu mwenye haraka humsogezea nguzo, kisha humpigia makofi. Anayetazama huona kwamba baada ya anguko la kwanza mtoto alitafuta kipande kirefu zaidi, na baada ya la pili alizisogeza nguzo zikakaribiana. Amelinganisha urefu na nafasi bila rula. Hayo ndiyo ya kuandikwa. Neno “amejitahidi”, ambalo tunalipenda sana, halimwelezi mzazi chochote.

Madarasa yetu yamejaa, nalijua hilo. Mwalimu achague watoto watatu kwa siku, dakika tano kwa kila mmoja, daftari dogo mkononi. Kwa wiki nne atakuwa amewafikia sitini. Kisha walimu wa shule jirani wakutane mara moja kwa mwezi, wasomeane walichoandika, na kila mmoja aulizwe kwanza ameona nini, ndipo aulizwe anadhani nini. Mzazi naye aruhusiwe kulisoma daftari hilo.

Kwenu mafundi seremala: masalia ya mbao mnayoyachoma jioni yanahitajika. Tafadhali yapigeni msasa, tena myakate kwa vipimo: kifupi, kingine mara mbili yake, kingine mara nne. Bila vipimo hivyo mtoto hatagundua kwamba vifupi viwili hutoshana na kirefu kimoja. Mbao zenye misumari au dawa ya mchwa zisiletwe kabisa.