Rauta Inayokatakata: Namna ya Kutafuta Kiini cha Tatizo katika Nyumba za Kasulu na Kibondo

Mada kwa semina ya mafundi wa vifaa vya elektroniki na walimu wa TEHAMA

Utangulizi



Mteja anapoleta rauta dukani, maelezo yake huwa mafupi: "Inakata." Jibu letu nalo huwa tayari. Tunaizima na kuiwasha, tunabonyeza kitufe cha kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, na ikishindikana tunamshauri anunue nyingine. Pale mezani kwetu inashika vizuri. Ikifika nyumbani, haimalizi siku mbili. Mteja amelipa, na tatizo liko palepale.

Hoja yangu leo ni kwamba ubovu unaokuja na kuondoka hauwezi kupatikana kwa kukagua kifaa peke yake. Sehemu kubwa ya chanzo inabaki nyumbani: kwenye soketi, ukutani, kwenye bonde ilipojengwa nyumba, au mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza rauta ina nini, tuulize inakata saa ngapi.

1. Tuanze na daftari

Mpe mteja kazi ya wiki moja. Kila mtandao unapokata, aandike saa, taa zipi za rauta zilikuwa zinawaka, umeme ulikuwaje, mvua ilikuwapo au la, na nani alikuwa anatumia nini.

Kurasa hizo chache zitakuelekeza pa kwenda. Ikikata kati ya saa moja na saa nne usiku kila siku, shuku mambo mawili: umeme kushuka nguvu wakati watu wengi wanautumia, au mnara kuelemewa na watumiaji. Ikikata kwenye chumba kimoja tu, shuku kuta. Ikipungua kasi siku chache baada ya kununua bando, angalia kwanza kiasi kilichobaki, kisha hesabu simu zilizounganishwa. Huenda nenosiri limeshasambaa kwa majirani. Mtaa mzima ukikosa mtandao kwa pamoja, iache rauta ya watu, haina kosa.

2. Umeme

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli, hadi mwaka 2022 ilipounganishwa na gridi ya taifa kupitia Nyakanazi. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, bado inaweza kupata umeme ulio chini ya volti 230 nyakati za jioni, na umeme unaporudi baada ya kukatika huweza kuja kwa kishindo.

Cha kwanza kuumia ni adapta. Ishike mkononi uone: imeandikwa volti 12, ampea 1. Ukiipima ikiwa haijachomekwa kwenye rauta, mita itasoma 12 hata kama adapta imechoka. Ipime ikiwa inafanya kazi, rauta imewaka na simu tatu zinatazama video. Hapo adapta mbovu itashuka hadi 10 au 9, na rauta itazima taa zote kwa mpigo kisha izianze upya moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo dalili ya kuikariri. Rauta inayopoteza mtandao wakati taa ya umeme imetulia ina tatizo jingine. Inayojiwasha upya yenyewe mara nyingi ina njaa ya umeme. Ukifungua adapta hiyo, mara nyingi utakuta kapasita imevimba kichwani. Adapta mpya yenye volti ileile na ampea zisizopungua zile za zamani inatosha, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya rauta.

Jambo la pili ni radi. Uchambuzi wa data za setilaiti za NASA uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndiko kunakopigwa na radi nyingi kuliko mahali popote barani Afrika. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma ni majirani wa eneo hilo. Msimu wa mvua ukianza, tuwafundishe wateja kuchomoa adapta kabla ngurumo hazijakaribia, pamoja na kebo yoyote inayotoka nje, iwe ya antena au ya simu. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, kwa sababu radi hupita pia kwenye kebo iliyosahauliwa.

3. Ndani ya nyumba

Rauta nyingi nimezikuta juu ya kabati la televisheni, zimefunikwa kitambaa cha kufuma ili zisiingie vumbi. Nia ni njema, lakini kitambaa huziba matundu ya kupoza, na chini ya bati la saa nane mchana kifaa hupata joto hadi kikapunguza kazi au kikazima. Kiondolewe.

Kisha tuangalie kuta. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya tofali la kuchoma vizuri kuliko ya gigahezi 5, ingawa yale ya 5 yana kasi zaidi yakiwa karibu. Nyumba ya vyumba vinne inahitaji rauta iwekwe katikati, juu kidogo ya kimo cha mtu, mbali na kabati lenye kioo, friji na pipa la maji. Chuma na kioo hurudisha mawimbi, na maji huyameza.

Pale nyumba zilipobanana, chagua chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani. Mtu akiweka chaneli 3, anasumbuliwa na jirani wa 1 na jirani wa 6 kwa wakati mmoja.

4. Vilima na minara

Nyumba nyingi hapa hutumia rauta za laini ya simu, na ardhi yetu ni ya vilima na mabonde. Nyumba iliyo bondeni inaweza kuwa karibu na mnara na bado isiuone. Usitegemee vijiti vinavyoonekana kwenye rauta. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, tafuta RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa kutoka mnarani. Huandikwa kwa alama ya kutoa: -85 ni kizuri, -110 ni dhaifu. Zunguka na rauta dirisha kwa dirisha, subiri dakika mbili kila mahali, andika namba. Kuhama kutoka dirisha la mashariki hadi la magharibi kunaweza kuokoa gharama ya antena ya nje.

Wateja wengi hulaumu mvua. Mawimbi ya 4G kutoka mnarani hadi nyumbani hayadhuriwi sana na mvua. Minara mingi, hata hivyo, hupokezana mawasiliano kwa madishi yanayotumia masafa ya zaidi ya gigahezi 10, na hayo mvua kubwa huyadhoofisha. Ikiwa mtandao unapotea wakati wa mvua na RSRP haijabadilika, huenda tatizo liko nyuma ya mnara.

5. Mbali na nyumba

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku hiyo rauta nzima kabisa isingeweza kufungua kurasa za nje kama kawaida, na kuibonyeza kusingesaidia.

Kipimo cha kujua tatizo liko wapi ni rahisi. Kwa kompyuta, tumia amri ya ping kwenye anwani ya rauta yenyewe, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Majibu yakikosekana, tatizo ni kati ya kompyuta na rauta. Yakija vizuri, jaribu 8.8.8.8. Hapo yakikosekana, tatizo liko kati ya rauta na mtandao wa nje. Yakija na bado kurasa hazifunguki, badilisha mipangilio ya DNS.

6. Kitufe cha kufuta mipangilio

Kiwe cha mwisho. Kinafuta nenosiri na APN, na pia kinafuta ushahidi. Kabla ya kukigusa, piga picha kurasa za mipangilio.

Mapendekezo

Kwanza, kila fundi awe na adapta nzima ya majaribio ya volti 12 na mita. Pili, tutoze ada ya kwenda nyumbani kwa mteja na tuieleze wazi, maana kipimo cha kweli kinafanyika huko. Tatu, walimu wa TEHAMA wawape wanafunzi zoezi la daftari kwenye rauta ya shule. Watajifunza kupima kabla ya kuhukumu. Nne, mteja anapompigia simu mtoa huduma, awe na saa, tarehe na namba za RSRP. Malalamiko yenye vipimo ni vigumu kuyapuuza.

Familia iliyojinyima kununua rauta ili mtoto asome haistahili kununua ya pili bila sababu. Fundi akipima na kumwambia mteja, "Rauta yako ni nzima, badilisha adapta," amepoteza mauzo ya siku moja na amepata mteja wa miaka mingi. Naomba tutoke hapa tukiwa tumekubaliana kufanya kazi hivyo.