Mpaka wenye milango mingi

Tutazame suala moja: usafirishaji haramu wa binadamu katika mpaka wa Uganda na Kenya, pale Busia, na Malaba kule Tororo.

Sheria zipo. Uganda ilitunga yake mwaka 2009, Kenya 2010, na hiyo ya Kenya inataja kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uganda ina ofisi maalumu ya kuratibu vita dhidi ya usafirishaji huu. Mbona basi wasichana wa Karamoja nchini Uganda, wengi kutoka wilaya ya Napak, wamekuwa wakifikishwa Eastleigh, Nairobi?

Sikiliza. Karibu na kituo cha pamoja cha mpakani, bodaboda inakata njia ya panya. Mtoto aliyebebwa amefundishwa njiani: ukiulizwa, sema huyu ni shangazi.

Wapo wanaosema mpaka ubanwe. Lakini, kwa upande wa pili, mama muuza nyanya wa Busia huvuka kila siku kutafuta riziki, na tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinamtosha. Ukimbana yeye, msafirishaji atazunguka tu. Mimi naona afadhali afisa amuulize mtoto jina la huyo shangazi.

Kuna jambo lingine, nalo ndilo zito. Mtoto akiokolewa hurudishwa kwao, mara nyingi kwenye njaa ile ile iliyomtoa. Ofisi ya mpakani haina dawa ya hilo. Je, vita hivi vianzie Busia, au vianzie Napak?