UGONJWA HUINGIA KWA MLANGO GANI?
(Hotuba kwa wanachama wanaotumika katika nyumba za wazee)

Ndugu wanachama,

Leo twataka kuzungumza juu ya nyumba za kutunza wazee, na kwa nini ugonjwa wa kuambukiza ukiingia humo huenea upesi. Kazi hii twaifanya hapa kwetu, na ndugu zetu wengi wamekwenda kuifanya Uingereza na Marekani.

Sababu nyingine zajulikana. Mwili wa mzee umepungukiwa na nguvu za kupigana na maradhi, na mara nyingi ana ugonjwa wa sukari au wa moyo. Wazee hula pamoja na hutumia choo kimoja. Nasi tunaowaosha, kuwalisha na kuwageuza kitandani hatuwezi kusimama mbali nao. Mikono iliyomshika huyu ndiyo itakayomshika yule. Kwa hiyo maji, sabuni, glavu na barakoa ni vyombo vya kazi, kama jembe kwa mkulima.

Lakini iko sababu isiyotajwa sana, nayo ni mshahara.

Tazameni mambo ya mji wa Kirkland, jimbo la Washington, Marekani. Mwezi wa Februari 2020 Korona ilionekana katika nyumba moja ya wazee. Kufika tarehe 18 Machi, watu 167 wa nyumba hiyo walikuwa wamepatikana na ugonjwa: wazee 101, wafanya kazi 50 na wageni 16. Katika wazee hao, kiasi cha mmoja kwa kila watatu alikufa. Wachunguzi waliona ya kuwa wafanya kazi wengine walikuja zamu hali wanaumwa, na wengine walifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja.

Je, watu wafanyao hivyo ni wabaya? Sivyo. Mtu akikatwa mshahara kwa siku ya ugonjwa, atameza dawa aende kazini. Na mshahara mmoja usipotosha kodi na chakula, atatafuta wa pili.

Mwaka huo huo wa 2020, huko Uingereza, nyumba za wazee zaidi ya 5,000 ziliulizwa habari zao. Ilionekana ya kuwa pale ambapo mfanya kazi mgonjwa hulipwa, wazee waliambukizwa kwa uchache. Na pale palipotumia vibarua wa kuitwa mara kwa mara, ugonjwa ulizidi. Jimbo la British Columbia, Kanada, liliamuru kila mtumishi akae nyumba moja tu, na serikali ikaongeza mishahara ili asipate hasara.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Hicho ndicho kipimo cha chini. Lakini kibarua anayeachishwa kila mwezi hafiki huko.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Vibarua waandikwe kazi ya kudumu. Mgonjwa apumzike bila kutishwa. Glavu na sabuni zinunuliwe na mwajiri, si kwa mfuko wetu.

Mwajiri akisema haya ni gharama, mwambieni: anayemlinda mfanya kazi amemlinda na mzee.

Umoja ni nguvu.