Miezi Sita ya Dawa
(Maneno ya katekista, siku ya wagonjwa katika sherehe za jubilei)



Katika siku hizi za jubilei mmesikia habari za wamisionari, za ujenzi wa kanisa na za kwaya. Sisi makatekista tumepewa kusema juu ya wagonjwa, nasi tumechagua wale ambao ugonjwa wao hauponi kwa juma moja wala mawili. Ndio ndugu zetu wenye kifua kikuu, wanaokaa kati yetu huku wakimeza dawa kila siku kwa muda wa miezi sita.

Kalima ni mji wa mgodi. Symétain ilianzishwa mwaka 1932, Sominki ikaishika kazi mwaka 1976, na mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani pote. Tangu kampuni ilipokwisha, vijana wetu huchimba kasiteriti kwa mikono yao, na usiku hulala wengi katika kibanda kimoja kisicho na dirisha. Vumbi la mawe hudhoofisha kifua. Kikohozi kikiingia humo, kijidudu hupita hewani kutoka kwa mmoja hata kwa mwenzake. Si uchawi, wala si sumu ya jirani. Sahani tena haina kosa: yule mama anayemtengea mumewe sahani na kikombe anamhuzunisha bure, afadhali afungue dirisha. Na mgonjwa wa kawaida akishika dawa vema, baada ya majuma machache huwa haambukizi tena.

Dawa ni za namna nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, na hutolewa bila malipo. Mkojo huwa mwekundu kama chungwa. Wengine wameogopa wakidhani ni damu, kumbe ni rangi ya dawa yenyewe. Lakini taabu kubwa haiko mwanzoni. Mwanzoni mtu anaogopa kufa, basi anameza. Taabu iko katika mwezi wa tatu. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, watoto wana njaa na wenzake wanamwita mgodini. Anakwenda, vidonge vinabaki nyumbani juu ya sanduku. Vijidudu vichache vilivyosalia huweza kuizoea ile dawa, na siku ugonjwa unaporudi, kuutibu ni kazi nzito zaidi.

Kwa sababu hiyo waganga walitaka mgonjwa asiachwe peke yake na vidonge vyake. Njia hiyo haikupimwa mbali nasi. Ilipimwa kwa jirani zetu wa Tanzania tangu mwisho wa miaka ya 1970, pamoja na mganga mmoja mzaliwa wa Chekoslovakia, Karel Styblo, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipofungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa vita. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaieneza njia ile katika nchi nyingi. Ukiivua maneno yake makubwa, sehemu yake moja ni hii: mtu mmoja amwone mwenzake akimeza.

Katika shirika moja la parokia yetu tumeona jambo hilo likitendeka. Akina mama waligawana siku za juma. Kila asubuhi mmoja wao alifika na uji, kwa maana dawa juu ya tumbo lenye njaa humchosha mtu, akamngoja anywe maji hata mwisho. Vijana walilima shamba la mpunga la mke wake. Mwenye kinga alimpeleka hospitali kila siku ya kupima makohozi. Tumeona pia mashirika yaliyoleta sala nyingi na chakula kidogo. Mungu ndiye anayejua hesabu yao.

Kuna jambo lingine, nasi hatutalificha. Baba mmoja kijana aliambiwa katika chumba cha maombi kwamba kumeza vidonge ni upungufu wa imani. Alivitupa. Tulimzika kabla ya mavuno ya mpunga, na mjane wake yuko nasi hapa leo. Ndugu, msome kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38: humo mganga na dawa vyote vinatoka kwa Mungu. Na yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu hakufika kwa Yezu kwa miguu yake. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari ya nyumba ya wenyewe, wala hatusomi kwamba walichoka njiani.

Basi, baada ya Misa wakubwa wa mashirika wabaki kidogo, watuambie ni katika nyumba zipi kuna mtu anayekohoa kupita majuma mawili, ili apelekwe kupimwa. Tena yuko ndugu yetu aliyeingia mwezi wa nne wa dawa. Anadaiwa pesa ya masomo ya watoto, naye ataka kurudi mgodini juma hili. Jina lake hatulitaji. Shirika lake linamjua. Wale wa shirika hilo tutawangoja penye mlango wa sakristia, tuhesabu pamoja ile pesa inayohitajiwa.